Mwaka Tuliosoma Bila Silabusi

Juma lililopita tulimzika Ilunga. Kwenye kilio, uani kwao chini ya turubai, binti yake alinijia akaniomba niseme maneno machache kuhusu ujana wa baba yake, kwa kuwa kati ya watu wote waliokaa kwenye viti vile ni mimi peke yangu niliyesoma naye chuo kikuu. Nikasimama, nikasema alikuwa mwerevu, mkarimu na mtanashati, na yote hayo ni kweli. Sikusema kwamba Ilunga ndiye mtu wa mwisho kuniambia uso kwa uso kwamba nitaanguka mtihani. Msibani mambo hayo hayasemwi. Lakini niliporudi nyumbani niliona afadhali niyaandike, maana mwaka ule ulikuwa wake kama ulivyokuwa wangu, na nisipouandika mimi hakuna tena wa kuuandika. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na nani alitoka Maniema lini, mtanisamehe, siziandiki hapa. Anayezitaka awaendee wajomba zangu, ambao wamekuwa wakizisimulia tangu nizaliwe na bado hawajazimaliza.

Ilikuwa enzi ya Zaire. Tulikuwa tukiitana citoyen na citoyenne, yaani raia, majina ya ubatizo yamekatazwa, tai zimekatazwa, wanaume wamevaa abakosti, lile koti lisilohitaji tai, na shaba ndiyo iliyokuwa ikiulisha mji mzima wa Lubumbashi, hata sisi ambao hatukuwa na mtu mgodini. Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika idara ya Kiingereza, na nilikuwa nikiurudia. Sheria ilikuwa nyepesi kuielewa: ukianguka mara mbili katika mwaka uleule wa masomo, unafungasha vitu vyako na chuo hakikujui tena. Nilikaa mtaa wa Kampemba kwa shangazi yangu, Tante Feza, aliyekuwa akiuza unga na samaki wakavu sokoni. Chumba changu kilikuwa ghala lake. Magunia upande mmoja, kitanda changu upande mwingine, na katikati nafasi ya mtu mmoja kusimama, mradi awe mwembamba, na wakati ule nilikuwa mwembamba. Madaftari yangu yote yalinuka samaki. Kuna mwalimu aliyekuwa akinirudishia kazi zangu ameishika karatasi kwa ncha za vidole viwili.

Lazima nieleze tulivyokuwa tukisoma, la sivyo mtaona ninajisifu bure. Mwalimu alikuwa na silabusi, yaani kurasa za somo lake lote zilizopigwa chapa, na kila mwanafunzi alikuwa na nakala yake. Kazi yetu ilikuwa kuishika silabusi hiyo kichwani, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Tulikuwa na neno letu la Kifaransa kwa kazi hiyo, bloquer, na ukipita barabara ya chuo majira ya mitihani ungetuona tunatembea wawili wawili, karatasi mgongoni, macho juu, midomo inacheza. Hakuna aliyetulazimisha kuelewa. Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa mwaka wa pili, niliingia mbele ya majaji, yaani walimu watahini, nikachota kikaratasi cha swali, nacho kikanipa ukurasa wa arobaini. Niliufahamu ukurasa wa arobaini kuliko nilivyofahamu uso wangu. Nikautema wote bila kukosea. Mkuu wa idara akasubiri nimalize, kisha akauliza, kwa Kiingereza cha taratibu kabisa: na wewe mwenyewe unaonaje? Sikuwa na ukurasa wa swali hilo. Nikaanza tena ukurasa wa arobaini kutoka juu. Akaniacha nikaufikisha mwisho mara ya pili, akaandika kitu, akaniambia niende. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Basi mwaka wa kurudia ulianza na mwalimu mpya, Mukalayi, assistant kijana, yaani mwalimu msaidizi, aliyekuja darasani kwa baiskeli na kipande cha chaki, bila mfuko, bila karatasi. Tulikuwa kumi na mmoja. Kiongozi wa darasa, CP kama tulivyomwita, alikuwa Ilunga, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mwenye mwandiko wa kupendeza na Kiingereza kilichotushinda wote. Kama kawaida ya CP, alinyanyuka kuuliza kwa niaba yetu.

— Citoyen Assistant, na syllabus? Tutaipata siku gani?

— Haiko, akasema Mukalayi.

— Haiko bado?

— Haiko kabisa. Mwaka hii kila muntu ataandika yake.

Akatuambia twende tukaandike ukurasa mmoja: mwisho wa mwaka nataka niweze kufanya kitu gani kwa Kiingereza, nitakifanya na nani, nitakitafuta wapi, na nitajuaje kama nimekipata. Akapanda baiskeli akaenda. Tulibaki tumekaa. Mmoja wetu akasema huyu ni mvivu tu, eko paresseux, hataki kupiga mashine. Mwingine akasema labda huko alikosoma walimharibu kichwa. Nilikuwa nahesabu: mwaka wangu wa mwisho, na nimepewa mwalimu asiyefundisha.

Ilunga aliandika ukurasa wake siku hiyohiyo, na ulikuwa mzuri. Mjomba wake alikuwa fundi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba, na mara kwa mara walikuja wageni wa mashine wasiojua Kifaransa. Ilunga alitaka aweze kumweleza mgeni kazi ya tanuru kuanzia jiwe linapoingia mpaka shaba inapotoka. Na sisi tulifanya jambo ambalo sisi tu tungeweza kulifanya kwa moyo safi: tuliukopi. Wote. Sio kwa ujanja, jamani. Karatasi nzuri ilikuwa mali ya darasa, na CP ambaye angeificha angesemwa ana roho mbaya mpaka amalize chuo. Tulikula sahani moja, tulisoma silabusi moja, kwa nini tusiwe na mpango mmoja? Juma lililofuata Mukalayi akapokea mipango kumi na mmoja ya binafsi, akaanza kuisoma kwa sauti. Wa kwanza mjomba fundi wa tanuru. Wa pili mjomba fundi wa tanuru. Kufika wa tano watu walikuwa wanauma midomo wasicheke. Yeye hakucheka. Alipofika wangu aliinua kichwa.

— Citoyenne Mwamini, oncle yako naye eko ku tanuru?

— Hapana, Prof.

— Eko wapi?

— Sina oncle ku tanuru. Niko na tante ku soko.

— Basi tante yako eko na lazima ya nini mu Kingereza?

Watu sasa walicheka kwa nguvu, kwa sababu shangazi wa unga na samaki na Kiingereza ni vitu visivyokaa chumba kimoja. Mukalayi alisubiri kicheko kiishe. Alitukabidhi karatasi zetu, akasema tuandike tena.

Jioni hiyo nilimkuta Tante Feza jikoni anasonga bukari, ugali wetu, amenipa mgongo, mwiko unazunguka. Nikamuuliza kwa mzaha tu, maana nilikuwa bado nimekasirika: Tante, Kiingereza kingekusaidia nini wewe? Alicheka mpaka akaacha kusonga. Kisha akaenda kwenye kikapu chake cha sokoni, akarudi na kiboksi cha dawa kilichopondeka pembe.

— Basi hii. Ni ba mama ya samaki ya Kasenga balinileteya, balitosha ng'ambo ya mutoni, ku Zambia. Iko na karatasi mule ndani. Hakuna muntu hapa mu Kampemba anajuaka inasema nini.

— Na weye unakunywaka namna gani?

— Mbili asubui. Yule mama alisema mbili.

Nikaitoa karatasi, nikaifungua juu ya gunia la unga karibu na taa. Maandishi madogo, Kiingereza kitupu, nyuma na mbele. Mwaka mzima nilikuwa nimekariri habari za tamthilia na ushairi wa wafalme wa Uingereza, na hapo sikuweza kumwambia shangazi yangu mwenyewe, aliyenilisha, kama dawa yake inywewe kabla au baada ya chakula. Niliona aibu. Sikuona aibu kama ile hata mbele ya majaji. Tante Feza akasubiri kwa adabu, kisha akaichukua karatasi, akaikunja, akairudisha mahali pake, akasema tule bukari ingali moto. Kesho yake nilimpelekea Mukalayi mpango wa mstari mmoja na nusu: nataka niweze kusoma karatasi ya dawa na kumweleza mwenye kuinywa, na nitajua nimeweza pale mtu wa mtaa wetu atakapoinywa sawasawa. Aliusoma, akaukunja, akautia mfukoni mwa shati. Hakuniambia ni mzuri wala ni mbaya.

Nikaanza na karatasi ya Tante Feza. Kamusi ya maktaba ilikuwa moja, haina jalada, na ilikuwa imepoteza kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno fulani ilibidi niyatafute mitaani. Mtaani kwetu alikuwapo Bana Mulenga, yaani mama yake Mulenga, mke wa seremala, mzaliwa wa Zambia katika miji ya migodi, aliyesoma shule ya misheni mpaka akaolewa. Nikamwomba tuongee Kiingereza. Akanitazama, akanipa mchi. Kinu kilikuwa kimejaa majani ya muhogo, sombe ya watu wanane.

— Unatwanga, unasema. Ukiacha kutwanga, na miye naacha kusikia.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuongea, na mpaka leo nikiongea Kiingereza kirefu mkono wangu wa kulia unataka kupanda na kushuka. Bana Mulenga hakuwa na subira na sentensi zangu za vitabu. Nikizipamba alikuwa akinikata: sema kama muntu, haina kama redio, na haina kwetu ni "si". Nilikuwa na daftari nililoligawa pande tatu. Upande wa kwanza neno, wa pili nilikolikuta, wa tatu jina la mtu niliyekwisha kumwambia neno hilo katika shughuli ya kweli. Upande wa tatu ukiwa mtupu, neno hilo lilikuwa bado si langu. Hakuna aliyenifundisha kupanga hivyo. Nililibuni mwenyewe daftari lile, na nilipokuwa mwalimu baadaye, miaka mingi, nimewaonyesha wanafunzi wangu vitu vingi lakini lile sikuwaonyesha kamwe. Niliwaambia tu kwamba kila mtu atafute la kwake.

Sifa zilienea mtaani upesi kuliko nilivyostahili. Watu walianza kuja na viboksi. Mama Kyungu, jirani wa upande wa kisima, alileta dawa ya maji ya mwanawe aliyekuwa na sikio bovu. Nilisoma haraka, nikiwa na furaha ya kutafutwa, nikamwambia ampe mtoto mpaka maumivu yaishe. Maumivu yaliisha siku ya tatu. Mama Kyungu, mwanamke asiyepoteza kitu, akaifunga chupa akaihifadhi kwa mtoto atakayeugua baadaye. Haikupita wiki mbili sikio likaanza kuuma tena, safari hii na usaha. Hakuja kunigombeza. Alikuja na chupa na karatasi, akakaa, akaniuliza kwa upole kama naweza kumsomea tena, pengine kuna pahali aliposikia vibaya. Hilo liliniuma kuliko matusi. Tukaisoma pamoja na Bana Mulenga, polepole, kidole kwenye kila mstari, na ilikuwa imeandikwa waziwazi: dawa imalizwe yote, hata mgonjwa akijiona amepona. Niliwasindikiza zahanati na ile karatasi mkononi, nikamwambia muuguzi kosa ni langu. Mtoto akapona. Kwenye daftari niliandika jina la Mama Kyungu mara mbili, na tangu siku hiyo sikumweleza mtu karatasi kabla sijaisoma mara tatu, na palipo na neno nisilolijua nilisema hapa sijui, twende tukaulize. Nawaambieni, kusema sijui mbele ya mtu anayekutegemea ni kazi ngumu kuliko kukariri kurasa mia mbili.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya umma ambayo kila raia alilazimika kuifanya, tulikuwa tukikutana darasani na majembe yetu, kila mmoja na alichokitafuta juma lile. Mwingine alileta mpira wa miguu alioufuata kwenye redio ya ng'ambo. Mwingine barua za kanisa lake. Ilunga alileta tanuru lake, na alilichora ubaoni vizuri sana, ingawa nilianza kuona kwamba hotuba yake haikubadilika kutoka Jumamosi moja hadi nyingine. Mukalayi alikaa nyuma na mdomo umefungwa, jambo lililotuudhi kupita kiasi. Siku moja nilishindwa na neno nikageuka kumuuliza.

— Munaniuliza miye juu ya nini? akasema. Muko kumi na mumoja.

Tukalitafuta, tukabishana, tukalipata mwishowe. Nilimchukia Mukalayi siku ile. Nililala nalifahamu lile neno, na ningali nalifahamu.

Siku zikaenda hadi ukafika mwezi wa kabla ya mitihani. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya idara, nangoja kukabidhi kazi, mlango wa mkuu haukufungika sawasawa. Nikasikia sauti yake.

— Citoyen Assistant, hii michezo yako itaishia ku jury. Na miye njo nitakuwa président. Yule redoublante wa Kampemba, yule wa makaratasi ya kunuka samaki, ataanguka wa kwanza. Akianguka, mwaka wa kuya tunarudisha syllabus.

Nikangoja Mukalayi anitetee. Nilingoja aseme yule dada anajitahidi, yule dada amebadilika. Alisema neno moja tu.

— Tutaona.

Nikaondoka bila kukabidhi kazi. Nilitembea kwa miguu mpaka Kampemba, mwendo mrefu, nikilia na kujifuta, kulia na kujifuta. Sikuwa tena nabeba mwaka wangu peke yake, nilibeba na kazi ya Mukalayi.

Hofu ikaenea darasani mara ilipojulikana nani ataongoza majaji. Watu wakamkimbilia CP, kama ilivyokuwa desturi, na Ilunga, kwa moyo wake mkubwa, akakaa akawaandikia. Kila mtu kurasa mbili za habari yake mwenyewe, kwa Kiingereza cha Ilunga. Nami akaniandikia bila kuombwa. Alinipa barazani pa maktaba.

— Kamata. Ni yako. Page mbili tu. Ubloke, upite.

Nilizipokea, na nilishukuru, na nilikwenda nazo chumbani kati ya magunia nikaanza kukariri. Sijifanyi mtakatifu. Kilikuwa Kiingereza kizuri, kuliko nilichoweza kuandika wakati ule na pengine kuliko ninachoweza sasa. Aya ya kwanza ikaingia kichwani kwa raha ya zamani, ile raha ya kitu kinachoingia bila kukuuliza swali. Ya pili ikaingia. Katika aya ya tatu nikakuta imeandikwa kwa ufasaha wote kwamba mgonjwa akishapata nafuu ataacha kunywa dawa yake. Nikasimama hapo. Ilunga alikuwa ameandika vizuri sana juu ya viboksi ambavyo hajawahi kuvifungua. Ningeweza kurekebisha mstari ule mmoja nikaendelea na mingine, na nilijaribu. Lakini nilikuwa nimeona, na sikuweza tena kutoona. Nikamwona mkuu wa idara anasubiri nimalize kurasa zote mbili, anauliza na wewe mwenyewe unaonaje, na mimi naanza tena kutoka juu.

Kesho yake nikamrudishia.

— Juu ya nini? Iko na makosa?

— Iko na moja. Lakini haina juu ya ile. Hii ni ya kwako, Ilunga. Haina ya kwangu.

Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, alikesha kwa ajili yetu.

— Mwamini, hii ni mara yako ya mwisho. Ukiingia mule na Kingereza yako ya kutwanga sombe, utaanguka. Minakuambia mu macho. Utaanguka, utarudia ku soko kuuzisha unga.

— Basi nianguke na yangu.

Maneno yalikuwa makubwa. Hatukusalimiana tena mpaka siku ya mtihani.

Majaji walikuwa watatu nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani: mkuu wa idara katikati, mzee wa idara nyingine upande wa dirisha, na Mukalayi mwishoni karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kutoka. Nikaongea juu ya kazi yangu ya mwaka. Kiingereza changu kilichechemea, mara kikasimama, mara kikaenda mbio. Nikasimulia viboksi, daftari, Bana Mulenga, na nikasimulia mtoto wa Mama Kyungu na kosa langu lote bila kulipunguza. Mkuu akainua mkono.

Akauliza kwa Kiingereza kama siku hizi wanafunzi huja mbele ya majaji kusimulia makosa yao. Nikamjibu ndiyo, bwana, kwa sababu katika mwaka huu hilo ndilo jambo ninalolijua vizuri zaidi. Mzee wa dirishani akakohoa. Mkuu akatia mkono kwenye mfuko wa abakosti yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaisukuma juu ya kitambaa cha kijani. Kumbe naye alikuwa anakunywa dawa za ng'ambo kama sisi watu wa Kampemba. Akasema: nisomee, kisha unieleze.

Niliisoma mara moja, na chumba kikangoja. Niliisoma mara ya pili. Katikati palikuwa na neno moja nisilolijua, na bila neno hilo onyo lote lilikuwa halisimami. Nikaisoma mara ya tatu, kama nilivyojiapiza, na neno likabaki palepale. Nilisikia ukurasa wa arobaini unakuja, nawaapia, nilisikia mstari wake wa kwanza unapanda kooni. Nikaumeza. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hapa kuna neno nisilolijua.

— Kwa hiyo? akasema mkuu, na kalamu yake ilikuwa tayari.

— Kwa hiyo nitalitafuta, nikasema.

Nikamwonyesha kwa kidole. Hapa wanasema baada ya kunywa dawa hii mtu asiendeshe gari wala mashine. Hapa wanasema asichanganye na pombe. Hapa wanasema inafaa zaidi mtu akikaribia kulala. Basi neno hili ama ni jambo la macho, ama ni jambo la usingizi, na kwa kuwa wamesema kulala, mimi naona ni usingizi. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshazoea, nikamwambia kama nilivyokuwa nikiwaambia majirani: bwana, ukiinywa dawa hii mchana usishike usukani, na bia uiache mpaka dawa iishe, na uimalize yote hata ukijiona umepona. Mzee wa dirishani alicheka waziwazi. Mkuu hakucheka. Aliivuta karatasi yake, akaisoma mwenyewe, akaikunja.

— Nani alikufundisha haya?

Adabu ilikuwa na jibu moja. Mwalimu wangu yuko pale, kibarua chake kinategemea mdomo wangu, jina lake lina silabi nne. Nikafungua mdomo nikamtazama Mukalayi, na Mukalayi alikuwa anatazama viatu vyake. Nikafikiria mchi, na kamusi isiyo na mwisho, na pande tatu za daftari, na Mama Kyungu aliyekaa na chupa mkononi. Nikasema kweli.

— Nimejifundisha mwenyewe.

Mkuu akaandika. Mukalayi hakuinua macho. Nilitoka nikiwa na uhakika nimetuzamisha wote wawili.

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi mkubwa, majina kwa sauti, mbele ya watu, kuanzia juu kwenda chini. Ilunga akawa wa kwanza kwa distinction, na alistahili, ingawa baadaye alinieleza kwamba alipoulizwa swali moja tu nje ya kurasa zake jasho lilimshuka mpaka kwenye soksi. Kisha wakaanza wale wa satisfaction. Jina la nne lilikuwa langu. Sikuelewa. Tante Feza, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kitenge chake cha sikukuu, na Kifaransa hakijui, aliona tu vichwa vya watu vinanigeukia, akapiga vigelegele kabla yangu mimi kujua kwamba nimepita. Nilijivuna siku ile, na sioni haya kuandika hivyo. Nimepata vyeti vingine na heshima nyingine, lakini satisfaction ile, daraja la chini kabisa la waliofaulu, ndiyo ninayoihesabu.

Ilunga akavuka safu za viti mpaka nilipokuwa. Akanipa mkono.

— Nilijidanganya juu yako, Mwamini.

— Ulijidanganya, ndiyo.

Tukacheka, na tukabaki marafiki mpaka juma lililopita. Hakunipa tena karatasi ya kukariri. Miaka yote aliyofasiri barua za wageni kwenye kampuni ya shaba, alikuwa akiniletea mimi rasimu zake ngumu nizitazame, na mimi nilikuwa nikimrudishia zimejaa maswali, bila jibu hata moja.

Mukalayi nilimkuta nje anaifungua baiskeli yake. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumshukuru, yakanipotea yote, likabaki lile la kuomba radhi.

— Prof, unisamehe. Baliniuliza nani alinifundisha, na sikutaya jina yako.

Akamaliza kufungua mnyororo taratibu, akanyoosha mgongo. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu, mwaka mzima.

— Mwaka wa kuya tunaendelea bila syllabus, akasema. Chef wa idara ameshasema. Na unajua alisema juu ya nini? Juu ya ile jibu yako.

— Lakini ilikuwa ya kukusahau.

— Mwamini, akasema Mukalayi, ungetaya jina yangu, tungeanguka bote babili.